Hati za askari wa zamani zisiachiwe mchwa

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba, mabalozi na maofisa wa jeshi hukusanyika katika makaburi ya vita yaliyoko kando ya barabara ya Ngong, jijini Nairobi. Mashada ya maua huwekwa, tarumbeta hupigwa, kisha watu hutawanyika. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1941 na hutunzwa vizuri. Nyasi hukatwa, mawe husafishwa na majina husomeka. Sina neno dhidi ya ibada hiyo, kwani mfu hustahili heshima.

Lakini mtu akitoka hapo akashika njia ya kuelekea mjini, baada ya mwendo mfupi atakuwa na Kawangware mkono wake wa kushoto na Kibera mkono wake wa kulia. Katika nyumba za mitaa hiyo miwili mna kumbukumbu nyingine za vita vile vile, ambazo hazitunzwi na tume wala wizara. Zimo ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda na juu ya kabati. Watunzaji wake ni watoto na wajukuu wa askari, na maadui wake ni mchwa, mvua, moto na tingatinga la kubomolea nyumba.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizipitia kumbukumbu hizo pamoja na wanafunzi wangu wa isimu, kwa idhini ya wenyewe. Tumeona vyeti vya kuachishwa jeshi, vitabu vya malipo, barua zilizokunjwa mara nne hadi zikakatika kwenye mikunjo, na picha za studio ambazo kijana wa miaka ishirini amesimama wima kama mlingoti. Tumeonyeshwa nishani, kibuyu cha maji cha bati, na kabuti moja ambalo bado hutandikwa kitandani msimu wa baridi. Ninaloshikilia leo ni hili: hati hizi ni mali ya taifa ingawa zimo mikononi mwa watu binafsi. Njia ya kuziokoa si kuwanyang'anya wenyewe. Njia ni kuwafundisha walimu na wanafunzi kuzinakili na kuzisoma, ilhali asili ikibaki pale ilipo.

Nianze na Kibera, kwa sababu pale karatasi ya askari haijawahi kuwa pambo. Historia ya Kibera ni historia ya jeshi. Askari kutoka Sudan, mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambao Lugard aliwaandika mwaka 1891, walikuwa kiini cha vikosi vya Uganda. Vikosi hivyo vilipounganishwa na vingine mwaka 1902 likazaliwa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Tangu mwaka 1904 askari hao na jamaa zao waliruhusiwa kukaa katika msitu uliopakana na mji mchanga wa Nairobi. Wakauita Kibra, neno ambalo kwa Kinubi lina maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi kuwa ekari 4,197 za mahali hapo ni eneo la jeshi. Askari aliyemaliza utumishi wake alipewa hati iliyoitwa pasi ya shamba, naye akaruhusiwa kujenga na kulima.

Tazama, msomaji, uzito wa maneno. Pasi ni ruhusa, wala si hatimiliki. Mzee aliyeitia pasi yake mfukoni alidhani amepewa shamba, na kumbe aliyeiandika alijua amempa nafasi ya kukaa tu. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwahesabu Wanubi kuwa wapangaji wa serikali, japo ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu kwao. Baada ya hapo sehemu kubwa ya eneo lile ikajengwa mitaa mingine, na wengi wakahamia. Mwezi Juni mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hatimiliki ya ekari 288. Yeyote ajuaye kutoa hesabu na apige mwenyewe.

Kati ya pasi ile na hatimiliki hii kulikuwa na safari ndefu ya mashauri. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya kuwa na uraia. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikatoa uamuzi ulioipa jamii hiyo haki. Hoja ya msingi ya Wanubi haikubadilika: babu zetu waliletwa hapa na jeshi, nasi hatuna kwetu pengine. Hoja kama hiyo huhitaji karatasi. Kwa miaka mingi kijana wa Kibera aliyekwenda kuomba kitambulisho aliulizwa hati za baba yake na hata za babu yake, wakati mwenzake wa kabila jingine hakuulizwa kitu. Ndiyo maana katika nyumba za Makina cheti cha askari wa mwaka 1918 huwekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa juzi. Mwaka 2011 mpiga picha Greg Constantine alichapisha kitabu kuhusu Wanubi wa Kenya kilichoziweka picha za zamani za familia hizo kando ya picha mpya. Kazi hiyo ilionyesha jambo ambalo wenyeji walilijua siku zote, kwamba picha ya babu ni ushahidi.

Kawangware ina kisa tofauti. Jina lenyewe latokana na ngware, neno la Kikuyu la ndege ambaye Waswahili humwita kwale, na linatukumbusha kuwa mahali hapo palikuwa vichaka na mashamba kabla ya kuwa mtaa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hasa mwaka 1917, vijana wa sehemu za Dagoretti, kama wenzao wa kwingineko nchini, walikusanywa kwa nguvu kuwa wachukuzi wa mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mchukuzi hakuachiwa karatasi za kujivunia. Mfumo wa kipande, ulioanza kutekelezwa baada tu ya vita hivyo, ulimpa karatasi ndani ya kijaluba cha bati cha kuning'iniza shingoni, na hiyo ilikuwa karatasi ya kumfuatilia.

Wale waliopigana katika Vita vya Pili walirudi na hati nyingi zaidi, lakini familia nyingi za Wakikuyu hazinazo tena. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, picha ya mtu aliyevaa sare iligeuka kuwa mzigo. Mpiganaji wa msituni angeweza kuiona kuwa dalili ya usaliti. Ofisa wa serikali naye aliwashuku askari wa zamani, maana baadhi ya viongozi wa Mau Mau, kama Waruhiu Itote aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, walikuwa wamepigana Burma. Kisha ikaja Operesheni Anvil mwezi Aprili 1954, na watu kuhamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, na masanduku yakaenda nazo. Tunapowauliza wazee wa Dagoretti kuhusu barua za baba zao, jibu la kawaida ni fupi: ziliungua.

Hata hivyo Kawangware ya leo ina hati nyingine, zilizokuja na wapangaji kutoka Vihiga, Kakamega, Machakos na kwingineko. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, alituonyesha kitabu cha malipo cha babu yake. Amekiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti chake cha kidato cha nne, na mfuko huo haulali chumbani siku za mwisho wa mwezi. Nilipomwuliza sababu, alieleza kuwa mwenye nyumba akifunga mlango kwa ajili ya kodi, vyombo vinaweza kukaa ndani, lakini vitu hivi viwili havina vingine vya kuvirithi. Kijana huyo hajasoma somo la utunzaji wa nyaraka. Lakini ameielewa methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa niingie katika uwanja wangu, uwanja wa lugha. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha mwaka 1930. Miaka kumi tu baadaye vita vikawachukua vijana wa Kenya wapatao 98,000. Wengi hawakuwa na Kiswahili nyumbani. Walijifunza kusema kambini, na baadhi yao wakafundishwa kusoma na kuandika huko huko na walimu wa jeshi, ambao waliandaliwa katika Shule ya Jeanes iliyokuwa Kabete, si mbali na Kawangware. Kwa hiyo barua ya askari ya mwaka 1944 ni kati ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili yaliyoandikwa na mwananchi wa kawaida kutoka bara, bila mhariri na bila mmisionari wa kumsahihisha.

Wanafunzi wetu huisoma habari ya vita vile katika utenzi wa Shaaban Robert, nao ni utenzi wa thamani kubwa. Lakini Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali Tanganyika, wala hakuwa mstari wa mbele. Sauti ya askari mwenyewe imo katika barua, na ni sauti ya aina yake. Huanza kwa salamu zilizopangwa kama sala, mimi sijambo, hofu ni kwenu, kisha huuliza habari za ng'ombe, mahari na mvua. Upatanisho wa kisarufi huenda shaghalabaghala: vitu mingi, watu yangu. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeijaza alama. Mwanaisimu huona hapo ushahidi wa jinsi Kiswahili cha bara kilivyokuwa kikijengwa na watu wa lugha nyingi wakiwa mbali na kwao.

Msamiati nao una mengi ya kutufundisha. Afande, shaushi na ombasha ni maneno yenye asili ya Kituruki. Yalipita katika jeshi la Misri na Sudan, yakabebwa na askari wa Kinubi, yakaingia Keya na kutoka hapo yakawa yetu. Korokoroni ni jina la nyumba ya walinzi kambini. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina lile lile la kikosi cha wachukuzi. Kinubi chenyewe, ambacho Bernd Heine alikiandikia kitabu mwaka 1982 akitumia lugha ya watu wa Kibera, ni Kiarabu kilichozaliwa upya midomoni mwa askari na wake zao. Pasipo hati zenye tarehe, tutaendelea kukisia ni lini neno gani liliingia na kupitia wapi.

Barua hizo zilisomwa na wakaguzi wa jeshi kabla ya kutumwa. Baadhi ya zile tulizoziona zina matundu, kwani jina la mahali limekatwa kwa mkasi. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopita katika bonde la Kabaw na kufika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba 1944, hawakuweza kuwaambia wake zao wako wapi. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya maneno yao imehifadhiwa vizuri zaidi katika ripoti za wakaguzi kuliko nyumbani mwao. Tukiziachia zile chache zilizobaki ziliwe na mchwa, msemaji atakayebaki ni mkaguzi.

Kuna suala la majina pia, nalo si dogo. Karani Mwingereza aliandika jina la askari kwa sikio lake. Ramadhan aliweza kuwa Ramathani, Njoroge akawa Joroge, na jina la Kijaluo lenye ng' likapoteza sauti hiyo isiyokuwamo katika herufi zake. Mishahara ya wachukuzi wengi waliokufa katika Vita vya Kwanza haikuwafikia warithi wao, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba majina hayakuweza kufuatiliwa. Mnara wa Askari uliozinduliwa mwaka 1928, ambao leo uko katika barabara ya Kenyatta, una sanamu lakini hauna jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini hadi 350,000, waliofia vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Majina hayo yanayotafutwa leo kwa gharama kubwa, mengine yamo ndani ya masanduku ninayoyasema. Zaidi ya hayo, wajukuu wanajua yanavyotamkwa.

Hata nishani hazijitoshelezi. Nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza zilipigwa chapa ya jina na nambari ya askari ukingoni. Nyota za Vita vya Pili, kama ile ya Burma, kwa kawaida zilitolewa bila jina. Nyota kama hiyo ikitengwa na cheti chake inakuwa kipande cha shaba kama vingine, na mnunuzi wa vyuma chakavu atakipima kwa kilo.

Wapo watakaonijibu kwamba haya ni makapi ya ukoloni. Kwa nini Mkenya huru atunze nishani ya mfalme wa Uingereza? Naiheshimu hoja hiyo, kwa maana si ya mtu mjinga. Lakini kutunza ushahidi si kumsifu aliyeutoa. Mwaka 2019 uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha jinsi Uingereza ilivyowalipa askari Waafrika kiinua mgongo cha takribani theluthi moja tu ya kile walicholipwa Wazungu wa cheo kile kile. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu karatasi ilikuwepo. Anayechoma karatasi za mkoloni kwa hasira anamfutia mkoloni deni.

Wengine husema: basi zipelekwe zote katika Nyaraka za Taifa au katika jumba la makumbusho, huko zitakuwa salama. Hapa pia siwezi kukubali moja kwa moja. Familia ambayo imeitumia hati yake kudai kitambulisho na ardhi ina haki gani ya kuambiwa iikabidhi na ipewe risiti? Familia moja ya Makina ilitueleza kwamba mgeni aliyejiita mtafiti aliazima picha mbili za babu yao kwa wiki moja, na miaka sasa imepita. Wapo pia wanunuzi wanaotoa shilingi chache kwa nishani ambayo ng'ambo huuzwa kwa bei kubwa. Watu wameumwa na nyoka, na ni haki yao kuogopa ung'ongo. Kanuni yangu ni moja: nakala iende, asili ibaki, isipokuwa mwenyewe aamue vingine kwa hiari yake.

Kazi hii inaweza kufanywa na shule. Mwanafunzi wetu hufundishwa kuwa askari waliokwenda Burma walirudi na fikra mpya za uhuru. Jibu hilo hupata alama katika mtihani, nayo historia huishia hapo. Walimu wenzangu wa Kiswahili na wa historia, hasa mnaofundisha Kibera, Kawangware na Dagoretti, darasani mwenu mna vitukuu vya watu hao. Mwulize mwanafunzi nyumbani kwao kuna nini. Akipata ruhusa ya wazazi, hati ipigwe picha pale pale nyumbani, mchana, pande zote mbili, pamoja na bahasha yake. Isibandikwe utepe wa gundi wala kufunikwa kwa plastiki ya moto, maana hayo huiharibu karatasi kuliko uzee. Nambari ya askari iandikwe kwa uangalifu, kwani karani aliyekosea jina kwa kawaida hakukosea nambari. Jina liandikwe kama lilivyo katika hati, kisha kama familia inavyolitamka. Barua inakiliwe neno kwa neno, na asiwepo wa kuisahihisha sarufi yake.

Baada ya hapo familia ipewe nakala iliyochapwa vizuri, pamoja na maelezo ya maneno magumu. Kama familia itaridhia, nakala nyingine iwekwe shuleni na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa. Isiridhie, jambo hilo liishie hapo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo, na adabu ilikuwepo kabla yake. Picha ya babu wa mtu si ya kurushwa kiholela katika simu za watu.

Sisi wa vyuo vikuu nasi tunadaiwa. Tumezoea kuwatuma wanafunzi wa shahada wakanakili kutoka vitabu vilivyonakili kutoka vitabu. Tasnifu moja inayochapisha barua hamsini za askari wa Kawangware, pamoja na uchambuzi wa lugha yake, ingewafaa watafiti wa kesho kuliko tasnifu kumi za nadharia. Idara zetu zinaweza kuwapa walimu wa shule mafunzo ya siku mbili ya kunakili hati. Hayahitaji ufadhili kutoka nje, yanahitaji nia.

Wizara ya Elimu nayo haiombwi mtaala mpya. Mtaala wa umilisi uliopo unawataka wanafunzi wafanye miradi ndani ya jamii zao, na mradi ndio huu. Mwanafunzi atajifunza kusoma mwandiko wa zamani, kuhoji wazee kwa heshima, kupima ushahidi na kuandika Kiswahili chenye maana.

Karibu wote walioziandika barua hizi wameshatuacha, na watoto wao ni wazee. Mwenye kujua kwamba yule wa pili kutoka kushoto katika picha ni nani, leo ana miaka themanini. Muhula huu ukipita bila kumwuliza, muhula ujao huenda asiwepo wa kuulizwa.